Sauti ya Evodia Ilivyovuka Bonde

Mdogo wangu Evodia si mtu wa maneno. Ukimwuliza kitu anacheka kwanza, kisha anaendelea kupalilia karoti zake. Tangu aolewe na Mika anakaa ng'ambo ya bonde, mimi nakaa huku. Kwenda kwake ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena hadi magoti yaombe huruma, kwa hiyo tunasalimiana kwa kuitana, kama watu wote wa milima hii. Asubuhi natoka uani, naweka mikono mdomoni, napaza sauti: "Evodia weee! Onga maundo!" Naye anaitikia salamu hiyo yetu ya asubuhi ya Kisambaa. Simu ninayo, ila simu ni ya kuongea na walioko Tanga.

Nilichojua mimi ni kwamba usipopiga kelele, ng'ambo hawakusikii. Nani angeniambia vingine?

Jumatatu ile nilitoka mapema kuliko kawaida. Ukungu umelala bondeni, baridi inang'ata, hata jani la mgomba halitikisiki. Kabla sijafungua mdomo nikasikia mtu anasema, taratibu kabisa, kama yuko nyuma ya jiko langu: "Uvimbe kwenye titi umekua, Mika. Sasa unauma mpaka kwapani."

Jamani! Nilishika ukuta. Nikageuka huku na huku, hakuna mtu. Ilikuwa sauti ya Evodia.

"Daktari alisema utolewe mapema," Mika akajibu. "Unangoja nini? Twende hospitali ya Bumbuli leo."

"Siendi. Na dada Raheli asijue kabisa."

Asijue! Mimi niliyembeba mgongoni! Hasira na hofu vilinipanda kwa pamoja.

Baadaye nilimwendea mwalimu Silvano, jirani yangu, maana nilidhani nimerogwa. Akacheka, kisha akanieleza. Sauti ni hewa inayotikisika, na kwenye joto hukimbia zaidi kuliko kwenye baridi. Mchana jua likishachoma ardhi, joto liko chini, basi sauti inapinda kwenda juu na kupotelea huko. Ndiyo maana mchana tunaitana hadi makoo yanakauka. Alfajiri iliyotulia ni kinyume chake: baridi imejaa bondeni, joto liko juu yake, na sauti ikitaka kupanda inapindishwa irudi chini, inatua uani kwa mtu. Haya, sawa.

Lakini asubuhi ile sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na mdogo wangu anayekufa kwa kunyamaza. Sikuweka mikono mdomoni. Nilisema tu, kama ninavyosema na mtu jikoni: "Evodia. Nimesikia."

Sufuria ikaanguka ng'ambo, nikaisikia nayo.

"Dada?"

"Ndiyo, mimi! Una wazimu wewe? Uvimbe wa titi unaufanya siri? Kwani mimi ni nani kwako?"

Nikamsikia anaiokota sufuria. Kisha akasema: "Dada, tangu tumzike mumeo, shemeji Eliya, nakusikia. Kila alfajiri unalia hapo uani. Ukimaliza unajipangusa, ndipo unaniita kwa furaha. Sasa ningekuongezea msiba mwingine kwa moyo gani?"

Mungu wangu! Mwaka mzima! Mimi nilidhani nalia peke yangu, kumbe kuna mtu ng'ambo anaamka kila siku kunisikiliza, na ugonjwa wake kifuani. Nilikaa chini palepale kwenye umande. Tukalia wote wawili, kila mtu kwake, na hakuna aliyemficha mwenzake.

"Evodia," nikasema, "vaa viatu. Shemeji Mika, mtafutie sweta. Nashuka, tukutane darajani."

"Naogopa, dada."

"Na mimi naogopa. Vaa viatu."

Nikasimama nikisikiliza hadi mlango wake ulipofungwa kwa nje, kisha nikaanza kushuka.