Bafle mpya za bwana yangu zinafika dimanche

Jambo admin, na jambo kwenu wote munasoma hii page. Mungali wazima? Sisi tungali. Mutoto yangu mwanaume, ule anaishi Kampala, iko salama na bibi yake. Binti yetu Neema iko hapa nyumbani na watoto yake wawili, kale kadogo kameanza kutembea. Mama yangu muzazi iko kule Rutshuru, ni magoti tu njo inamusumbua. Jirani yetu, mama wa makala, anawasalimia pia. Bwana yangu yeye hawasalimie, juu hajui kama naandika. Admin, ficha jina yangu. Hata Neema siyo jina yake ya kweli.

Niko mama wa miaka makumi tano na mbili, tunaishi Goma, upande wa Ndosho. Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu tu, basi nikiandika mubaya munivumilie.

Bwana yangu alikuwa chauffeur, dereva ya patron mumoja kule Himbi. Ile patron wakati alirudi kwao alimuachia ampli yake ya muziki, ile mashine ya kukuza sauti, nzito sawa jiwe. Bwana yangu alitoka machozi siku ile. Anapenda rumba ya zamani kuliko chakula. Kila dimanche, ile siku ya Mungu, kisha misa anaketi kwa kiti yake, anafunga macho, na hakuna mutu wa kumusemesha.

Miaka ikapita, akaanza kulalamika. Asema ampli iko muzima lakini bafle, yale masanduku inatoa sauti, imezeeka, inameza gitare. Tukabadilisha bafle. Ikakaa sawa kidogo, kisha asema hapana, ni cable. Akaleta cable nene sawa kamba ya ng'ombe, nikamuuliza kama tunaanza kufuga mu salon, akacheka sana. Kisha ikakuwa courant, ule umeme, eti courant ya Goma inatetemeka na sauti inatetemeka nayo. Tukaleta stabilisateur ya kuutuliza. Kisha ikakuwa nyumba yenyewe, eti mbao inaiba sauti. Nikatundika mablanketi kwa ukuta mpaka wageni wakauliza nani mugonjwa. Kiti yake aliichorea alama chini na chaki, mutu asiisogeze. Na kila wakati anaongeza sauti. Mama wa makala akaniambia kwa upole: "Mama Neema, sasa hata kuku zangu zinajua ile wimbo."

Sisi wote tulikuwa tunatafuta ugonjwa mu mashine. Watoto wanatuma vitu, fundi anakuja anafungua, anafunga, asema yeye haone kosa. Hakuna mutu alifikiri kuangalia mwenye kusikiliza.

Siku moja napika maharagi inje, wimbo inapiga, courant ikakatika. Kimya kabisa. Nikaingia kuchukua chumvi. Nikamukuta kwa kiti, macho amefunga, muguu inapiga chini polepole, kichwa inafuata. Ampli imezimika, hata taa yake ndogo imekufa. Nikamuita, "Papa Neema." Nikamuita tena, kwa nguvu. Hakugeuka. Alikuwa anasikiliza wimbo ile iko mu kichwa yake tu. Nikarudi inje kwa mbabula yangu ya makala, nikalia, Neema akaniuliza, nikasema ni moshi.

Mutaniuliza kwa nini sikumuambia. Ni juu ya papa yake. Ule muzee alikufa kiziwi kule Masisi. Wandugu walikuwa wanagawana ng'ombe zake, yeye ameketi palepale, wanacheka na yeye anacheka pamoja nao, hajui kama njo yeye wanacheka. Bwana yangu alikuwa kijana, alicheka pia. Wakati tungali wachumba aliniambia: "Siku nitakuwa sawa papa, munipeleke nikae peke yangu ku shamba. Sitaki mutoto yangu anione vile." Hajawahi kuirudilia, lakini sijaisahau.

Sasa mutoto yetu ya Kampala amenunua bafle kubwa, zinanifika kwa kiuno. Anazileta dimanche. Na bwana yangu, kwa ile furaha, ameita wandugu yake wote kutoka Masisi wakuje kusikia. Watajaa mu salon. Watamuuliza hivi, atajibu vile. Watajua mbele yeye mwenyewe ajue, na wale watu nawajua vile wanacheka.

Neema asema tunyamaze, labda hizi kubwa zitamusaidia. Mama wa makala asema kuna munganga wa masikio, wanaweka kadude kadogo mu sikio na mutu anasikia. Lakini nitamuambia namna gani? Nikisema polepole hasikie. Nikipiga kelele, nyumba yetu ni ya mbao, avenue yote itasikia mbele yake. Kumuandikia? Tangu tuoane sijamuandikia hata neno, ya kwanza ikuwe hii?

Jana jioni nilikuwa nageuza bugali, nimemupa mugongo. Akakuja akanigusa bega. Akachuchumaa karibu na mbabula, kitu hafanyaki, akaangalia moto, kisha asema:

"Mama Neema, zamani ulikuwa unaimba ukipika. Nilikukosea nini ukaacha?"

Ndugu zangu, nilikuwa naimba. Naimba kila siku. Wakati alifika nyuma yangu, nilikuwa katikati ya wimbo.

Nikamushika mukono tu. Akaufinya, akaitikia na kichwa, nafikiri aliona kama nimemusamehe.

Munishauri, wamama na wapapa wa hii page. Nimuambie mbele ya dimanche, ama nimuache afungue bafle yake na furaha yake? Na nikimuambia, nianzie wapi? Munijibu mbio, juu mutoto yangu anapanda bus kule Kampala vendredi, siku mbili tu mbele ya dimanche.