Koki ya Kushoto

Siku moja ya baridi ya Julai haijanitoka akilini, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Shume mpaka mlangoni petu, na kaka yangu Elia alikuwa amemaliza kumjengea mama bafu la ndani. Alifanya kwa mapenzi, nisimsingizie. Mama alikuwa karibu kupofuka, na Elia hakutaka ahangaike tena na ndoo uani.

Nyuma ya ukuta aliweka pipa la kuchemshia maji kwa kuni, na juu ya sinki akafunga koki mbili. Kwa kuwa pipa lilikuwa upande wa kulia, maji ya moto aliyatoa kulia, ili asizungushe bomba. Lakini mama alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wageni pale mjini Lushoto, na kule ya moto hutoka kushoto. Nilimkumbusha Elia. Akasema ameshaipaka koki ya moto rangi nyekundu, na mama atazoea. Nyekundu, mwanangu, kwa mtu asiyeona.

Kesho yake mama aliingia kunawa kabla ya ibada. Akafungua koki ya kulia, alikozoea maji ya baridi, hadi mwisho, akakinga mikono yote miwili. Nilisikia ukelele mmoja.

Elia alipiga magoti akiomba radhi. Mama hakumfokea.

“Mikono yangu haikukosea, Elia,” alisema. “Wewe hukuiuliza.”

Vidonda vilipona, vidole havikunyooka. Vikapu alivyokuwa akisuka vilibaki nusu. Elia aligeuza mabomba wiki hiyohiyo, lakini mama hakugusa koki tena mpaka tulipomzika. Alikaa kwenye kigoda akingoja beseni, na kila mara aliuliza kama maji ni ya baridi.

“Nimeyajaribu mwenyewe, mama,” Elia alimjibu, kila mara.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Basi ukimtengenezea mtu kitu, hata koki, usianze na urahisi wako. Mwache akishike, utazame mkono wake unaelekea wapi kabla hajafikiri. Rangi na maelezo humfaa mwenye macho na nafasi. Mzee, mgonjwa na mwenye haraka huenda alikozoea. Kuuliza si ujinga, na mapenzi nayo hayana budi kuuliza.

Mungu akupe mikono ya kusaidia na subira ya kuuliza kwanza, na wote utakaowajengea wafungue maji bila hofu.