Maneno Yangu Kinywani mwa Binamu

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia shule ya msingi na ninaandika polepole.

Hapa Toronto, mimi na binamu yangu tulicheza mchezo wa asili wa Ayalandi, wa fimbo na mpira mdogo. Hatukulipwa. Aliyeumia alijitibu mwenyewe, na Jumatatu alikwenda kiwandani akichechemea. Siku moja, kwenye lifti ya jengo letu, goti likiniuma, nilimwambia binamu, “Chama chetu cha wachezaji kidai bima ya matibabu kwanza, jezi baadaye.”

“Sema mkutanoni, kaka!”

Mkutanoni niliona aibu kusimama. Binamu akasimama, akayasema yale yale kwa mzaha: “Jezi mpya itamsaidia nini mwenye goti bovu?” Watu wakacheka. Kwetu kura ilipigwa kwa kuinua fimbo. Wakamchagua msemaji wa wachezaji. Fimbo yangu iliinuka ya mwisho.

“Kaka, si tumeshinda?” aliniuliza nje.

“Umeshinda wewe.”

Bima ilipatikana, hata goti langu likatibiwa. Lakini kila akiitwa msemaji, wivu hunichoma. Kama umewahi kusikia maneno yako kinywani mwa ndugu yako, niandikie, uniambie ulifanyaje.