Ananie na Mbuzi Saba

Mimi nilikuwa nauzisha beignets, mandazi yetu, na chai ku mulango wa sinema ya Papa Kasimu, kule Vulamba, donc hakuna mutu atanifundisha habari ya Ananie. Miaka ine nilisikia sauti yake kupitia mbao.

Sinema yenyewe ilikuwa televiziyo moja, groupe ya umeme ya kupiga makelele inyuma ya nyumba, na Ananie. Alisimama kando ya televiziyo na kugeuza Kifaransa kuwa Swahili. Alisoma miaka mbili ku université, vita ikakula biashara ya baba yake, akarudi. Mikono laini kama ya padri, hata jembe ilikuwa inamukataa! Mais kinywa! Akitafsiri mutu wa hasira, bamama balikuwa banafunika batoto masikio.

Dimanche moja ya 2001, kisha misa, Kasimu akaleta kaseti mupya kutoka mupaka wa Kasindi. Juu yake baliandika tu "Histoire", hadithi ao historia, nani ajue. Ananie hakuiangalia kwanza peke yake, na hiyo ndiyo ilikuwa kosa. Picha ikaanza: baétudiants, banafunzi ba université, ba inchi ya mbali, na generali mwenye médailles mpaka ku kitovu. Ananie akatafsiri sawasawa:

— Banasema: huyu mutu alikamata inchi kwa bunduki, sisi tunakataa.

Mule ndani mulikuwa bantu makumi ine. Kila mutu alikuwa anawaza wakubwa ba kwetu benye bunduki, na hakuna aliyetaja jina.

Mimi ndiye niliona komanda wa kambi ya askari akipanda njia na askari watatu. Nikapiga kelele kwa nguvu, ili ndani basikie:

— Beignets za moto! Za moto! Za moto!

Bakapita bila kuninunulia hata moja. Komanda akaketi mbele kabisa.

— Endelea, monsieur.

Mu televiziyo, binti mumoja akapanda juu ya meza, akapaza sauti: "À bas la dictature!", ni kusema udikteta uanguke. Nilichungulia ku mulango: Ananie akaangalia komanda kwanza.

— Anasema... bwana-arusi ametudanganya mahari.

— Mahari gani?

— Mbuzi kumi na mbili, komanda. Alileta saba tu.

— Na huyu wa médailles?

— Ni baba ya bwana-arusi.

Zaidi ya nusu ya nyumba ile balijua Kifaransa muzuri. Mutu mumoja tu angecheka, Ananie amekufa. Hakuna aliyecheka. Kumbe Florentine, mwalimu wa shule yetu, mutu wa kujiheshimu kabisa, akasimama na kupaza sauti: "Murudishe mbuzi zetu!" Bengine bakaitikia: "Mbuzi zetu! Mbuzi zetu!" Mu televiziyo baétudiants banapigwa, na ndani ya nyumba bantu banadai mbuzi.

Komanda akazima televiziyo yeye mwenyewe. Akasema, Kifaransa safi kwanza, kisha Swahili ili siye wa shule ya primaire tusikie:

— Mimi pia nilikuwa étudiant, Kisangani. Tulitupia mawe serikali ya zamani. Mbuzi sikuona hata moja.

Akamugeukia Ananie:

— Unajua kutafsiri, monsieur. Kesho saa mbili, kambini. Tuko na bafungwa ba kusema Kinande tu, luga yenu ya hapa. Utatutafsiria.

Chumba cha kambi cha kuulizia bafungwa tulikijua. Kilio yake ilifika mpaka soko.

Ananie akanijia, uso kama majivu.

— Mama Séphora, nikitafsiri kweli, nawaua. Nikidanganya, yule anajua kudanganya kwangu.

— Basi kimbia!

— Batakamata mama yangu.

— Basi funga kinywa, tuone!

Nilisema kwa hasira tu, kama unavyofokea mutoto. Yeye akaikamata kuwa kweli. Kesho yake kambini alifungua kinywa, sauti hakuna. Siku tatu balimupiga fimbo ku nyayo, hata kilio haikutoka. Bakamurudisha juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Miezi munane Ananie hakusema neno, kwa mutu yeyote, hata kwa mama yake mu chumba. Nilimukalisha kando yangu, anageuza beignets mu mafuta. Siku moja komanda akafika, akaomba chai, akaimwanga yote ya moto ku paja ya Ananie. Yeye akafungua kinywa tu. Mimi ndiye nililia.

— Aa, mama, wewe ndiye unasikia maumivu? — komanda akaniuliza.

Akaenda. Tangu siku ile niliamini Ananie amekuwa bubu kweli, na nikaogopa kinywa changu kuliko komanda.

Mwisho bakamuhamisha komanda kule Beni, upande wa Mavivi. Florentine alikuja mbio kutuambia. Ananie akasimama, akataka kujibu, shingo ikavimba mishipa. Hakuna kitu. Akajaribu tena, machozi inashuka. Ilimuchukua wiki mbili kusema "maji", na mama yake, kumusikia, akatoka inje kuuliza nani ameingia mu nyumba.