Mkebe Ulio Juu ya Bomba

Mjukuu wangu wa kike ndiye anayeandika, kwa sababu mimi sikuketi darasani hata asubuhi moja. Nimemwamuru aandike ninavyosema na asinirembeshee. Pale nitakapomtaja yeye mwenyewe ataandika vivyo hivyo, apende asipende.

Nina mashine ya kusaga mahindi upande wa Sugoi, na inaendeshwa kwa dizeli. Sisi wenye mashine za namna hii tuna desturi moja. Kila mmoja huweka mkebe juu ya bomba la moshi, na kila mkebe una sauti yake. Wangu ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Niliutoboa kwa msumari, na moshi ukipita ndani yake hutoa mlio mfupi mfupi wenye kikohozi mwishoni, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaliacha. Mlio huo huvuka bonde na kupanda upande wa pili. Mama aliye huko akiusikia anajua kwamba ni mashine yangu iliyofunguliwa, wala si ya jirani, naye hujitwika mahindi yake akaja.

Mwenye mashine akifa, injini yake hunyamazishwa mpaka azikwe. Kwa hiyo mlio ukikosekana asubuhi, na mchana ukakosekana tena, watu hawapigi simu kuuliza. Simu wanazo. Lakini jambo kama hilo haliulizwi kwa simu. Huja.

Mke wangu haoni. Macho yake yalififia polepole, akaendelea kupika na kufagia bila kumlalamikia mtu, hata siku tulipotambua kwamba haoni kabisa alikuwa amekwisha kuzoea. Mashine ndiyo inayomwongoza. Nikiiwasha, anajua kwamba kumekucha. Anatoka kitandani kwenda jikoni akiwa ameuweka mlio katika sikio la kushoto, na anarudi akiwa ameuweka katika sikio la kulia. Sikumfundisha. Nilimwona tu akifanya hivyo, nikanyamaza, na tangu hapo sikuwahi kuchelewa kuwasha.

Mwaka huu dizeli ilipanda bei, ikapanda tena kabla hatujaizoea bei ile ya kwanza. Wateja walianza kuleta mahindi kidogo kidogo, na mtu akileta kidogo injini hula zaidi ya inavyosaga. Mwanangu, ambaye ndiye anayesimamia kazi sasa, alitaka tuweke mota ya stima. Nilimkatalia. Baadaye kifua kilinizidi, na huyu mjukuu akanipeleka Kapsoya, mjini, kwa shangazi yake ili niwe karibu na daktari. Nilipokuwa huko mwanangu akaizima mashine, akaleta fundi wa stima, naye hakumwambia mtu yeyote sababu. Yeye mwenyewe akashinda mjini, akalala huko, akitafuta mkanda wa mota.

Nilirudi asubuhi moja ya baridi, mimi na mjukuu. Pikipiki ilituacha njia panda kwa sababu ya tope. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na mahindi yalionekana vichwa tu. Nilisimama. Hapo penye njia panda ndipo kila mara ninapoanza kuisikia mashine yangu. Nilisubiri nione kama upepo ungebadilika. Hapakuwa na upepo.

“Nani amekufa kwangu?” nikauliza.

“Kugo, pengine ni mafuta yameisha tu,” mjukuu akasema. Ndivyo wanavyoniita wajukuu wangu wote.

“Mafuta hayaishi kwangu bila mimi kujua.”

Tukashika njia. Mbele yetu walitokea wanawake waliobeba kuni, wamejifunga leso kichwani, na nikajua wanakopeleka kuni zile, kwa maana nyumba yenye msiba ndiyo inayopelekewa kuni asubuhi. Waliposikia kikohozi changu waligeuka. Yule wa nyuma, ambaye nimemsagia mahindi tangu alipoolewa, alinitazama usoni, kisha akaondoka njiani na kuingia katikati ya mahindi pamoja na mzigo wake. Hakunisalimu. Nilisikia majani yakimfuata hadi ukungu ukayanyamazisha. Wenzake walisimama kando wakitazama chini mpaka nikapita.

Mjukuu aliushika mkono wangu. Sikumkataza.

Uani kwangu benchi zilikuwa zimepangwa. Moto ulikuwa unawaka, na watu wameketi bila kuzungumza, kama inavyopasa. Nilipotokeza langoni hakuna aliyesimama. Mzee mmoja alikuwa ameshika kofia kifuani, akashindwa kujua kama aivae au aendelee kuishika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyekufa ni mimi.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa mfanyabiashara wa Kisomali kutoka mjini, ambaye huniletea dizeli kwa mapipa. “Mzee,” akasema, “wallahi hii sukari ni ya matanga yako.”

“Iweke mezani,” nikamjibu. “Tutainywa nikiwa naona.”

Wachache walicheka, kicheko cha chini. Nikauliza habari za mke wangu. Mama mmoja akaniambia kwamba amelala, kwamba tangu jana hakula, na kwamba nisimwamshe. Basi nikaketi pamoja nao, kwa sababu mtu hawezi kuwafukuza waliokuja kumlilia.

Chai ikaletwa, nasi tukazungumza juu ya kilichoninyamazisha, yaani dizeli. Fundi wa stima, kijana kutoka upande wa ziwa asiyeijua desturi yetu, alitoka bandani akijipangusa mikono, akaeleza kwamba mota iko tayari na inangoja mkanda. Mfanyabiashara akamwuliza mota itakula nini siku stima ikipotea. Mjukuu wangu, anayesomea mambo ya umeme chuoni, akasema stima haitapotea nchi ikijenga mtambo wa nyuklia, kwa kuwa mabwawa hukauka na dizeli huja kwa meli kutoka kwa watu wanaopigana.

“Hiyo nyuklia mnaijenga wapi?” akauliza fundi.

“Kuna mpango wa kuijenga upande wa ziwa.”

“Si huko ni kwetu. Mbona isijengwe hapa, kwa babu yako?”

“Inahitaji maji mengi ya kuipoza.”

“Hata sisi tunayahitaji.”

Mfanyabiashara akaweka kikombe chini. “Binti, mimi dizeli naiona na macho. Ikimwagika, naona doa. Ikichomwa, naona moshi. Naipima na kijiti. Hii yako ina rangi gani?”

“Haina, Mzee.”

“Harufu?”

“Haina.”

“Sasa ikitoka usiku ikaingia kwa nyumba, mtu atajuaje?”

“Kuna vifaa vya kupima. Ikitoka, vinalia.”

“Sawa,” akasema fundi. “Na kifaa kikinyamaza? Ni kwamba kuko salama, ama ni kifaa chenyewe kimekufa?”

Watu walianza kunitazama, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wamekumbuka upya kilichowaleta. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu.

Mjukuu hakukubali kushindwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba moshi wa dizeli nao unaua, ila tumeuzoea. “Kugo anakohoa tangu nizaliwe,” akasema. “Tumetoka kwa daktari sasa hivi. Hakuna mtu hapa ameogopa hiyo injini hata siku moja.”

Nilimwuliza majivu ya moto huo wa nyuklia hutupwa wapi. Akasema hayatupwi, huzikwa mbali na kulindwa. Nikamwuliza kwa muda gani. Akasema muda wa kutupita sisi sote, na watoto wa watoto wake, na watu ambao hata lugha yetu hawataijua. Nikamwuliza nani atawaambia watu hao pale pamezikwa nini. Alifikiri, kisha akasema hilo bado wataalamu wanalijadili. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Wala sikulipenda.

Ndipo nikasikia fimbo ya mke wangu ikigonga sakafu, nikaingia ndani. Alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Nilimsalimu kama siku zote.

“Umerudi kuchukua nini?” akaniuliza.

Nikamwambia kwamba nimetoka Kapsoya, kwamba ni mimi.

“Najua ni wewe. Sauti yako naijua. Ndiyo maana nauliza. Koti lako la baridi liko nyuma ya mlango, kama ni hilo.”

“Mama, mimi ni mzima.”

“Mashine imenyamaza,” akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo wakubwa wote wanalijua. “Watu wameleta kuni.” Akanyoosha mkono, akakishika kiganja changu, nacho kilikuwa bado na baridi ya ukungu. Akakirudisha pajani mwangu taratibu. “Unaona,” akasema. “Nenda tu. Usinisumbukie. Nitakuja.”

Nimeishi na mwanamke huyu tangu ujana wetu, na sijamjua kusema neno bila kulitimiza.

Nilitoka moja kwa moja hadi bandani. Tangi la injini lilikuwa limekaushwa. Mfanyabiashara alikwenda kwenye gari lake, akachukua mtungi wa dizeli yake mwenyewe, akamimina. Fundi alisema mkanda wa zamani umekwisha kutolewa, kwamba injini haitasaga chochote. Nilimwambia sijasema ninataka kusaga. Nikaushika mkono wa chuma na kuuzungusha. Kifua kilinikataa, nikazungusha tena, na fundi akaniwekea mikono yake juu ya yangu. Injini ilikohoa, ikasita, ikashika. Mkebe ukaruka juu ya bomba na kuanza kusema.

Watu wote uani walikuwa wamesimama. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, mke wangu akatoka akiwa ameinamisha kichwa kidogo, mlio katika sikio la kushoto, akapita katikati ya benchi bila kumgusa mtu. Alipofika jikoni akageuka.

“Chai yenu ameipika nani?” akauliza. “Haina tangawizi.”

Sasa ni mota inayosaga. Haina sauti zaidi ya kuvuma, unga wake ni laini, wateja wanaisifu, na mwanangu ana haki ya kufurahi. Lakini kila asubuhi mimi huiwasha injini kwanza, ikiwa tupu, haisagi hata punje. Mwanangu anaona ni kuchoma dizeli bure. Mjukuu anaona ni kuchoma kifua changu na hewa ya jirani. Wote wawili wanasema kweli, na nilikuwa karibu kuwasikiliza.

Ila juzi ukungu ulikuwa mzito, nami niliamka na homa, nikachelewa. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Nilimkuta mke wangu ng’ambo ya ua, karibu na kinamasi, ambako hakujawahi kuwa na mashine wala nyumba ya mtu. Kuna matete na maji tu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatembea bila fimbo, na hatua zake hazikuwa na shaka hata kidogo. Nilimwita. Alishangaa kunisikia nyuma yake.

“Leo umewasha mapema,” akasema. “Na umeihamisha.”

Nilikwenda bandani nikaigusa injini. Ilikuwa baridi.

Basi yaishe maneno ya bei na ya moshi. Mwanangu ataendelea kununua dizeli, na mimi nitaendelea kuamka kabla ya ndege. Kama kuna mashine nyingine inayomwita kutoka kinamasini, sitaki ipate asubuhi hata moja ya kuita peke yake. Mjukuu ameniuliza tutafanya nini siku mkono wangu utakaposhindwa kuizungusha. Nimemwambia aache kalamu. Kesho, kabla hakujapambazuka vizuri, nitamfundisha kuiwasha.