Mlango wa Magogo wa Guangzhou

Siku ile tulikuwa watano: mimi; mwanangu wa tatu, aliyekuwa akinunua vitambaa soko la Zhongda kwa duka letu la Darajani; mkewe, ambaye Kichina alikipata kwa kupatana bei; muuza vitambaa wao, laobani, ndivyo wanavyomwita bosi kule; na mama yake laobani, bibi wa rika langu. Majina yao yote ninayo mpaka leo, ila hapa nayaacha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa Januari, baridi imeshika. Laobani alisikia nimezaliwa Mji Mkongwe, penye milango ya kale, akasema basi nikaione nyumba ya mama yake kabla hajamhamishia ghorofa ya tisa. Mlango ulikuwa umemshinda bibi wa watu. Wiki iliyopita uligoma, akashinda ndani mchana kutwa. Naye kuhama hataki, kazaliwa humo.

Tukapita njia ya maduka ya kale, ghorofa zake zimetokeza juu ya njia, mvua isimguse mpita njia. Nyumba yenyewe ya matofali ya kijivu, madirisha ya vioo vya rangi. Na mlango, jamani: magogo ya mviringo yamelazwa kama vidato vya ngazi, hausukumwi mbele, unaburutwa kando ndani ya mfereji wa sakafuni. Upepo unapita, mwizi hapiti.

Nikamwambia mkamwana wangu, "Mwambie mlango huu mzima, una kiu tu. Kwetu milango tunaipaka mafuta."

"Mama, tumekuja kutembea," mwanangu akasema.

"Kaa kimya. Wewe hujapaka hata dirisha."

Nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, ya magoti yangu. Yalikuwa yameganda, nikayayeyusha jikoni kwa bibi, nikayamimina mferejini mpaka tone la mwisho. Laobani akauvuta mlango, ukafunga vizuri, nikajisifu. Tukanywa chai. Kuja kutoka, haufunguki. Kwetu mafuta yakiganda wakati wa kipupwe, jua linayayeyusha. Mimi nikasahau kwamba kule hakuna jua la kuyayeyusha, yameganda tena humo humo kama mshumaa.

Laobani akasukuma, mwanangu akasukuma. Wapi.

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, akasema neno. Mkamwana akatafsiri: "Anasema sasa sisi wapangaji, tuchague vyumba."

"Nitawaambia nini Unguja?" mwanangu akasema. "Mama kafungwa Uchina kwa mafuta yake mwenyewe."

Bibi akaleta chupa ya maji ya moto, akayamwaga mferejini kidogo kidogo, huku akichokoa kwa kijiti cha kulia wali. Mafuta yakayeyuka, yakatoka na tope jeusi, makumvi ya mpunga, kifungo, karatasi za fataki za sikukuu sijui ngapi. Kumbe mfereji ulikuwa umejaa, hakuna aliyewahi kuinama kuutazama. Akausukuma mlango kwa mkono mmoja. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena, anamtazama mwanawe.

Laobani akajikuna shingo. Mkamwana akaninong'oneza: "Kasema basi, mama abaki."

Ghorofa ya tisa akahamia laobani mwenyewe na mkewe. Mwanangu aliniambia lifti ikiharibika wanakwenda kula kwa mama.

Mimi nakumbuka magogo kumi na tatu, mwanangu anasema kumi na moja. Mkamwana naye anadai maji ya moto lilikuwa wazo lake, si la bibi. Aliyepata kupita mtaa ule na kuyahesabu magogo, kama nimekosea anisahihishe. Sitakasirika sana.