Vipande vya Norwei na Bwana Mifugo wa Mungaa

Mwaka wa pili tangu nirudi nyumbani Singida, nilikwenda ofisi ya kodi mwenyewe, bila kuitwa. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi Norwei miaka mingi, na huko nilinunua vipande kwenye mfuko wa uwekezaji: watu wengi wanachanga, wataalamu wanazizungusha fedha, faida inagawanywa. Kwa kuwa sasa naishi Utemini, hapa hapa Singida, faida ile ilipaswa kutajwa na huku.

Mume wangu alinipinga tangu chai ya asubuhi. "Huko si walishakata kodi?"

"Walikata. Ndiyo maana naenda kuwaonyesha, nisije nikakatwa mara mbili."

Dada wa kaunta alinipa shikamoo, akapokea karatasi zangu, akazigeuza huku na huku.

"Mama, hii lugha gani?"

"Kinorwe."

Akacheka, akawaita wenzake waje kuona. Nilimsomea mstari kwa mstari, lakini akaniambia kwa upole kwamba siwezi kujitafsiria mali yangu mwenyewe. Nitafute mtu mwingine anayeijua lugha hiyo, atafsiri na kutia saini.

Kinorwe Singida nikitoe wapi? Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mume wangu, yule yule mpinzani, ndiye aliyekumbuka kwamba kuna bwana mifugo mstaafu kijijini Mungaa aliyesomea Norwei ujanani. Kesho yake akanipakia kwenye pikipiki yake.

Tulimkuta mzee zizini, ameshika ndama kwa kamba. Nikampa shikamoo, kisha nikaongeza salamu ya Kinorwe. Kamba ikamtoka mkononi. Ndama akatimka, mume wangu akamkimbiza. Mzee akanijibu kwa lafudhi nzito ya wafugaji wa kule, nikacheka hadi machozi. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kumbe unaijua kweli! Miaka yote nilidhani unatudanganya."

Tukakaa barazani na karatasi. Maneno ya fedha yalimpiga chenga, maana lugha yenyewe alijifunzia kwenye mabanda ya ng'ombe. Kwenye neno moja akaweka kidole.

"Hili tulilitumia kwa maziwa. Kile anachotoa ng'ombe."

"Ndilo hilo, baba. Hapa ni kile vinachotoa vipande."

"Aa! Gawio!" Akaliandika kwa herufi kubwa, akajipongeza mwenyewe.

Hatukuruhusiwa kuondoka bila ugali na mlenda.

Dada wa kaunta aliridhika na tafsiri. Kwenye kodi yangu walitoa kile kilichokwisha kukatwa Norwei, nikalipa tofauti, ambayo ilikuwa ndogo kuliko hofu ya mume wangu. Nilitoka pale mwepesi, nikamnunulia mishikaki.

Tangu hapo mzee hunipigia simu kila Jumapili, tunaongea Kinorwe habari za ng'ombe wake. Mume wangu hukaa pembeni kusikiliza. Ameshajifunza neno moja, la kukubali, na hulichomeka popote anapoona pametulia.